Herufi Chini ya Pikapu

Garsen,
3 Septemba 1998

Baba,

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Mombasa aifikishe Kisauni. Najua macho yako bado yamefungwa bendeji na Shangazi Nyevu ndiye atakayekusomea. Shangazi, shikamoo. Ukifika mahali pa lugha ya gereji, paruke.

Gereji iko wazi. Waliosema msichana hawezi kuachiwa spana wameleta magari yao wenyewe, wakatengenezewa, wakaondoka kimya.

Kuna kazi kubwa imekuja, na siwezi kuikubali bila neno lako. Asenath, yule mwenyekiti wa kina mama wa Golbanti, na wenzake wamepata mashine ya kusaga unga. Ile ya kwanza ilikwenda na mafuriko, na tangu hapo wanawake wanabeba mahindi kichwani mpaka hapa Garsen. Mwezi uliopita mmoja alijifungulia njiani, gunia likiwa kando yake. Mashine mpya ni injini nzito ya dizeli pamoja na mawe yake, vyote juu ya trela la magurudumu mawili. Lori lililolileta lilifika hapa likakataa kuendelea. Tuta la barabara ya Golbanti limeliwa na maji, limebaki jembamba, na makalvati ya kupitishia maji yamefunikwa kwa magogo tu. Lori litazama. Gari jepesi litapita, na gari jepesi lililo zima mjini sasa ni pikapu yako.

Lakini trela hilo lina uzito unaokaribia wa pikapu yenyewe. Na mvua za Novemba zikishika, hakuna kitakachopita mpaka mwaka mwingine.

Niiandae vipi? Au nikatae?

Binti yako,
Zipporah


Kisauni,
9 Septemba 1998

Zipporah mwanangu,

Mkono ni wangu, maneno ni ya baba yako. Jicho la pili wamelipasua jana. Analalamikia uji, kwa hivyo hajambo. Siku mbili nzima alikataa kukujibu. Alisema, "Mwambie hapana." Kisha leo asubuhi akasema, kina mama wale walitupikia siku tisa tulipokuwa kambini wakati wa mafuriko, hawezi kuwanyima. Sasa naandika anavyosema.

Zipporah, sikiliza vizuri. Kulabu ya kuvutia trela usiichomelee kwenye bampa. Bampa ni pambo. Toboa chesisi pande zote mbili, weka bamba la chuma ndani na nje, funga kwa bolti nene, nati mbili kwa kila bolti. Fundi yeyote akikwambia "itashika", mfukuze.

Springi za nyuma ongeza jani moja kila upande. Mkia wa gari ukilala, pua inainuka, na usukani unakuwa wa kuchezea. Breki badilisha laini magurudumu yote manne, maana gari moja litakuwa linasimamisha mawili. Rejeta ifungue uioshe, bado ina tope la mafuriko. Halafu weka mnyororo kutoka chesisi hadi mkono wa trela, ili kulabu ikikatika trela lisiende litakako.

Na mzigo. Hapa ndipo watu hufa. Injini ikae juu ya ekseli ya trela, isogezwe mbele kidogo. Isikae nyuma hata kidogo. Uzito ukikaa nyuma trela linainua mkia wa gari, halafu linaanza kuyumba, na likishaanza kuyumba dereva ni abiria tu.

(Hapa, Zipporah, aliomba maji, akayashika asiyanywe.)

Jaribu kwanza kwenye uwanja wa mpira. Na rangi ya chesisi usiikwangue kupita mahali pa bolti. Hakuna haja.

Amemaliza. Hilo la rangi amelisema kwa ukali ambao sijausikia tangu tulipokuwa wadogo. Sijui rangi imemkosea nini.

Langu ni moja. Ukifika Golbanti, mpitie mama mkwe wangu, Mama Kombe. Miaka tisa tangu mume wangu Kombe apotee na gari lake, na watu wakasema ni majambazi wa njia ya Malindi. Hakuna kaburi, hakuna hata kiatu. Mimi si mke, si mjane, lakini yeye bado ananiita mke wa mwanawe. Mwambie ninamkumbuka.

Shangazi yako,
Nyevu


Garsen,
16 Septemba 1998

Baba,

Kazi imekwenda. Springi nimeongeza, breki nimefunga, rejeta nimetoa tope lililojaa karai. Dado, fundi wa kuchomelea karibu na msikiti, alikuja kutazama akasema, "Hiyo ungechomelea tu kwenye bampa, itashika." Nimemfukuza kama ulivyosema. Alidhani natania.

Usinikasirikie kwa jambo moja. Nilipotoboa upande wa kushoto niliona mstari mwembamba kama unywele, nikaogopa ni ufa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ufa haufichwi kwa rangi. Nikakwangua mpaka karibu na springi. Haukuwa ufa, ni mkwaruzo tu. Lakini chini ya rangi yako ya maziwa kuna rangi nyingine, buluu, na juu ya chuma kuna herufi. Hazikuchorwa. Mtu ameziandika kwa moto wa kuchomelea, zimevimba kama kovu: K na N, na chini yake 86.

Ulisema gari hili ulilinunua vipandevipande Malindi, chesisi huku na kichwa kule. Hiyo ni alama ya fundi wa huko? Nauliza tu. Nimepaka rangi ya kuzuia kutu pembeni, herufi nimeziacha zilivyo, ni kazi nzuri.

Jumamosi najaribu uwanjani.

Zipporah


Kisauni,
20 Septemba 1998

Zipporah,

Barua hii usimwonyeshe mtu. Baba yako hajui kwamba naandika.

Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake namsomea barua yako. Nikasoma ya Dado, akacheka. Nikasoma ya unywele. Nikafika kwenye buluu, na mdomo ukasita wenyewe. Macho yalitangulia, yakaona herufi.

Akauliza, "Mbona umenyamaza?"

Nikasema, "Barua imeishia hapo."

"Hakusema zaidi? Kuhusu chesisi?"

"Hakusema."

Zipporah, baba yako alishusha pumzi. Nilimwona. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Gari la Kombe lilikuwa la buluu. K ni Kombe. N ni mimi. Themanini na sita ni mwaka aliponioa. Aliziandika herufi zile amelala chali chini ya gari, na mimi nimepiga magoti kando namshikia taa, na cheche zikaniunguza kanga.

Lakini pikapu za buluu ni nyingi, na watu wenye K na N ni wengi. Namwogopa Mungu kumsingizia ndugu yangu wa tumbo moja. Kwa hivyo nenda ukaangalie kitu kimoja ambacho hukukiandika. Kombe, kwa vile alikuwa amelala, N aliiandika kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Nilimcheka mpaka akatoka chini ya gari na uso umejaa masizi.

Angalia N. Kisha niandikie mimi, si yeye.

Nyevu


Garsen,
24 Septemba 1998

Shangazi,

N imegeuka.

Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani fundi hakusoma. Leo nimelala pale chini, nikaipitisha kidole mara tatu, nikitaka iwe vingine. Imegeuka.

Mimi miaka ile nilikuwa Kilifi kwa wajomba zangu, gari la mume wako sikuwahi kuliona. Ningeliona, ningejua. Nimejifunzia kazi kwenye gari hili. Nimekaa ndani yake nikala, nikalala, nikaimba. Sasa siwezi hata kushika mlango.

Gereji nimeifunga. Asenath alipokuja nimemwambia rangi haijakauka. Shangazi, Baba amefanya nini?

Zipporah


Kisauni,
30 Septemba 1998

Zipporah,

Jumatatu daktari alimfungua bendeji. Tulirudi nyumbani, nikampa chai, kisha nikamwekea barua yako mkononi. Kitu cha kwanza macho yake mapya yalichosoma ni yale maneno mawili yako.

Nikamuuliza, "Ni gari la Kombe?"

"Ndilo."

"Uliliiba?"

"Sikuliiba."

"Ulimuua?"

Sufuria ilichemka jikoni ikamwagika, hakuna aliyeinuka. Miaka tisa, Zipporah, anakuja kunitembelea hapa kwa basi, hata siku moja hakuja na gari lake. Nami nilikuwa nawaambia majirani kaka yangu haringi, ana gari lakini anapanda basi kama sisi.

Nilimwambia atoke, akakae barazani aniandikie, kwa sababu sauti yake siwezi kuivumilia. Aliandika mpaka jioni. Ninakutumia karatasi zake. Zisome, uzitunze. Hapa nikiziona nitazichoma, na sitaki zichomwe.

Nyevu


Kisauni, barazani
28 Septemba 1998

Nyevu,

Tumetenganishwa na mlango, na ninakuandikia kama mtu aliye mbali.

Ilikuwa Jumapili, mwisho wa Mei, mwaka wa themanini na tisa. Mto ulikuwa umejaa. Kombe alipata kazi ya kupeleka saruji ya shule upande wa Golbanti, akaazima trela. Alikuja kwangu nimfungie kulabu. Nilikuwa sina bolti. Angengoja siku mbili ningezipata, lakini mimi ndiye niliyemwambia asingoje. Nilichomelea kulabu kwenye bampa. Akaitikisa, akaniuliza, "Shemeji, itashika?" Nikasema, "Itashika."

Magunia nilipakia mimi. Mbele ya trela sakafu ilikuwa mbovu, nikayarundika nyuma.

Tulikuwa wawili garini, Nyevu. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Tulipofika kwenye tuta, pale mto unapokata kona, trela likaanza kuyumba. Kombe alishika usukani tu. Upande mmoja wa kulabu ukang'oka, trela likaelekea majini na kuvuta mkia wa gari. Mimi nilikuwa upande wa nchi kavu. Nilifungua mlango nikaruka. Nilipoinuka hapakuwa na gari, palikuwa na maji yanayozunguka na mfuko mmoja wa saruji uliopasuka, maji yamegeuka meupe.

Nilikaa pale mpaka jua likazama. Niliita. Mto ulikuwa na mamba na siwezi kuogelea, lakini hilo si jibu, najua.

Nilirudi kwa miguu. Nilikusudia kusema. Asubuhi nilipofika sokoni watu walikuwa wakisema Kombe hakurudi nyumbani, ametekwa na majambazi njia ya Malindi. Walinipa pole kabla sijafungua mdomo. Nikazipokea.

Siku ya tano nikasikia watu wa Ozi, kule chini mwisho wa mto, wameopoa maiti ya mwanamume. Nilikwenda. Walikuwa wameshamzika. Walinionyesha shati na mkanda, wakaniuliza, "Unamjua?" Lilikuwa shati la mistari ya kijani, lile ulilomshonea wewe.

Nilisema simjui.

Agosti maji yalipopungua, gari lilikuwa kwenye tope. Nilimleta mtu wa trekta kutoka mbali, nikalitoa, nikatupa kichwa, nikaweka kingine. Usiniulize kwa nini sikuliacha lioze. Nilijiambia nikilitengeneza nitakuletea, niseme nimeliokota. Kisha mwaka ukapita, na wa pili. Herufi nilizijua. Nilizipaka rangi mara nne.

Sikuombi msamaha. Niambie la kufanya, nitafanya.

Jefwa


Ozi,
11 Oktoba 1998

Kwa Jefwa,

Nimefika Ozi juzi. Sikumjua mtu. Niliuliza habari ya mwanamume aliyetoka mtoni miaka tisa iliyopita, nikapelekwa kwa mama mmoja anaitwa Batula. Marehemu mumewe ndiye aliyemwosha Kombe. Kabla sijamaliza kueleza alinishika mkono akasema, "Wewe ni mtu wa mgeni wetu." Ndivyo wanavyomwita, mgeni. Kila mwaka wakisafisha makaburi ya watu wao, la kwake nalo hulifyeka.

Hawakujua dini yake, wakamsomea waliyoyajua. Hawakujua jina lake. Wewe ulilijua ukasimama mbele yao ukanyamaza nalo.

Nilijiandaa kulia, Jefwa. Chozi halikuja. Nilikaa kwenye mchanga nikashangaa tu, jinsi mahali penyewe palivyo karibu. Ningeweza kuja hapa kila mwaka. Ningeweza kuvaa nguo za msiba nikazivua. Ningeweza kuolewa, au kukataa kuolewa kwa hiari yangu. Niliwakataa wanaume wawili nikimngoja mtu ambaye wewe ulijua amelala wapi.

Umeniomba nikwambie la kufanya. Utapanda basi uende Garsen. Zipporah atalivuta trela lile, kwa gari lile lile. Nilitaka lichomwe, lakini wanawake wa Golbanti hawana kosa lolote, na Kombe alitoka nyumbani kwenda kuwafikishia mzigo watu wa upande ule ule. Uliache lifike. Kisha uende kwa mama mkwe wangu useme kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea, wala Zipporah asikusemee.

Kwangu usirudi mpaka nikuite. Sijui kama nitakuita.

Nyevu


Garsen,
23 Oktoba 1998

Shangazi,

Umenitaka nikuandikie kila kitu. Nitajaribu.

Baba alishuka basi Jumapili amevaa miwani myeusi. Hatukusalimiana vizuri. Nilisema shikamoo, akaitika, tukabaki tunatazama pikapu. Alilala chini yake saa nzima, akazigusa bolti zote, na alipotoka uso ulikuwa umelowa. Akasema kazi yangu ni nzuri. Nilitamani aseme kitu kingine, na sijui kitu gani.

Jumanne tukaondoka, mimi kwenye usukani, Asenath kando yangu. Baba hakutaka kuingia ndani. Aliketi nyuma, uso ameuelekeza kwenye trela. Gia ya kwanza na ya pili tu, njia nzima. Kwenye tuta aligonga bodi nikasimama. Akashuka, akatembea mbele ya gari kwa miguu, ananionyesha kwa mkono nipite wapi. Pale mto unapokata kona alisimama. Nikasimama. Asenath akaniuliza, "Baba yako ni mgonjwa?" Nikasema macho yake bado mapya. Kisha akaendelea kutembea, nasi tukamfuata. Magogo ya kalvati la mwisho yalilia, yakashika.

Wanawake walilipokea trela kwa vigelegele. Wengine walimshika Baba mkono, wakamshukuru. Alikuwa anaurudisha mkono kama umeungua.

Kutoka hapo tukaenda kwa Mama Kombe. Alikuwa anapepeta mchele. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi lakini alimjua Baba kwa sauti, akafurahi, akaita mjukuu alete kigoda. Baba alikataa kigoda. Akakaa chini, Shangazi, kwenye mavumbi, miguu ameikunja kama mtoto. Akasema yote. Hakuficha kulabu, hakuficha mlango alioufungua. Alipofika kwenye "simjui" sauti ilikatika, akairudia mara ya pili ili isikike.

Mama Kombe hakupiga kelele. Ungo ulibaki mapajani, mikono ikabaki juu ya mchele. Nilidhani hakusikia. Kuku walikuja wakala mchele uliomwagika, hakuwafukuza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Siku ile, alikuwa amekula?"

Baba alimtazama kama hakuelewa lugha.

"Mwanangu. Siku ile mlipotoka. Alikuwa amekula?"

"Alikula, mama. Tulikula pamoja Minjila. Chai na mihogo ya kukaanga. Alimaliza yake, akala na yangu."

Mama Kombe akaitikia kwa kichwa polepole.

"Miaka tisa," akasema, "kila nikiweka chakula mdomoni naona labda wamemfunga mahali na njaa yake." Akauweka ungo chini. "Basi hakwenda na njaa."

Ndipo alipoanza kulia, na Baba akalia, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Nilitoka nje nikalala kifudifudi juu ya usukani.

Mama Kombe anataka kwenda Ozi, kwenye kaburi. Amesema atakusubiri wewe, umpeleke.

Zipporah